Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu VVU, na namna ya kuwa karibu na anayeishi navyo

Mwaka 2004 UKIMWI uliua watu wapatao milioni 2.1 duniani. Mwaka 2024 waliokufa walikuwa takriban 630,000. Dawa ndizo zilizoshusha idadi hiyo. Hata hivyo, kati ya watu karibu milioni 40.8 waliokuwa wakiishi na VVU mwaka huo, milioni 31.6 tu ndio waliokuwa kwenye matibabu. Zipo sehemu ambako huduma bado iko mbali na watu. Lakini hata pale ambapo kituo kipo na dawa zipo, mtu huchelewa kwa sababu anawaogopa majirani, mwenza, mama mkwe au bosi. Ndiyo maana majibu haya yanamhusu anayeishi na virusi na pia yule anayeishi naye.

VVU na UKIMWI ni kitu kimoja?

Hapana. VVU ni virusi. UKIMWI ni hali ambayo mwili huifikia virusi vikiachwa bila dawa, kwa kawaida baada ya miaka kadhaa. Virusi hivi hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ndizo huongoza ulinzi wa mwili. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 500 na 1,500 katika tone dogo la damu linalopimwa. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata upenyo: kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, vichomi vikali. Anayeanza dawa mapema na kuzishika anaweza kuzeeka na VVU bila kufika huko.

Virusi huambukizwa kwa njia zipi hasa?

Kwa damu, shahawa na majimaji yanayozitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Kwa hiyo njia ni ngono bila kinga, kuchangia sindano, kuongezewa damu isiyopimwa, na mama kwa mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha. Mate, machozi, jasho na mkojo havimo. Mbu pia hayumo: akikuuma anafyonza damu yako, hakudungi damu ya mtu aliyemuuma kabla yako, na virusi haviwezi kuzaliana ndani yake.

Naweza kujua kwa kumwangalia mtu, au kwa kujisikia mwenyewe?

Huwezi. Wengine hupata homa, vipele au maumivu ya koo wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, dalili ambazo zinafanana na za mafua ya kawaida. Wengine hawasikii chochote kwa miaka. Kipimo peke yake ndicho kinachojibu.

Nilifanya ngono bila kinga. Nikapime lini?

Kama ni jana au juzi, usianze kufikiria kipimo, fikiria saa. Zipo dawa za dharura, ziitwazo PEP, zinazoweza kuzuia virusi visijijenge mwilini. Zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayosubiri inapunguza nguvu yake. Hunywewa kwa siku 28 mfululizo. Ni za aliyepasukiwa na kondomu, aliyebakwa, mhudumu wa afya aliyejichoma sindano, na mtu yeyote aliyekuwa hatarini. Huhitaji kuthibitisha kwamba wewe ni mtu mwema ndipo upewe. Nenda hata usiku, kama kuna kituo kinachofungua usiku.

Kama saa hizo zimepita, pima sasa na upime tena. Vipimo vya haraka vya kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ukiambiwa huna virusi kabla ya miezi mitatu kutimia tangu siku ile, rudia kipimo miezi hiyo ikishatimia, na katikati yake tumia kondomu.

Nimejipima nyumbani, imekuja mistari miwili. Ndiyo mwisho wa habari?

Ni mwanzo wake. Kipimo cha kujipima hakitoshi kumwambia mtu kuwa ana VVU. Kituoni utapimwa kwa vipimo vingine vya aina tofauti kabla ya kupewa majibu kamili. Kama hakuna mstari wowote uliojitokeza, hata ule wa kuhakiki, kipimo kimeharibika na hakisemi lolote.

Kuna jambo linalowaponza watu hapa. Mtu ambaye tayari anatumia ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, akijipima, kipimo kinaweza kuonyesha hana virusi, kwa kuwa dawa zimetuliza virusi na kingamwili zimepungua. Anafurahi, anaacha dawa, na miezi michache baadaye yuko kitandani. Ukishaanza dawa, vipimo hivi havikuhusu tena.

Nimeambiwa nina VVU. Nianzie wapi?

Anza kwa kukaa chini na kupumua. Siku ya majibu, masikio huziba. Mshauri nasaha atasema mengi na utakumbuka machache, na hilo ni la kawaida kabisa. Mwombe akuandikie, au akupe siku ya kurudi kuuliza upya.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na tangu 2017 linashauri anayejisikia tayari apewe nafasi ya kuanza siku ileile. Kabla ya hapo mweleze mhudumu kama una kikohozi kisichoisha, unatoka jasho usiku, unapungua uzito, au una maumivu makali ya kichwa. Kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo vinahitaji kutafutwa kwanza, na katika homa ya uti wa mgongo ARV hucheleweshwa wiki kadhaa kwa makusudi.

Huna deni la kumwambia kila mtu. Chagua mmoja, ambaye umewahi kumwona akitunza siri ya mtu mwingine. Suala la mwenza ni zito zaidi, kwa kuwa naye anahitaji kupima, na kama unaogopa kupigwa au kufukuzwa, mwambie mshauri nasaha kabla ya kufungua mdomo nyumbani. Kuna njia za kumwita mwenza apimwe bila jina lako kutajwa, na kuna wakati ambapo usalama wako unatangulia mazungumzo.

Kuna usiku utakaokuwa mgumu. Ukijikuta unafikiria kujiua, usikae peke yako na wazo hilo hata kwa saa moja: piga simu, gonga mlango wa mtu, rudi kituoni. Wengi waliopita hapo wako hai, wanafanya kazi, wanalea.

Mke wangu amekutwa na virusi kliniki ya wajawazito, mimi sijapima. Ina maana yeye ndiye aliyeleta?

Haina maana hiyo. Aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Wanawake wengi hutangulia kujua kwa sababu moja tu, kwamba mjamzito hupimwa na mume hapimwi. Hakuna kipimo cha kituoni kinachosema nani alimwambukiza nani, na mtu anaweza kuwa ameishi na virusi tangu kabla hamjakutana. Hata kipimo chako kikionyesha huna, hilo halithibitishi usaliti: wapo wenza wengi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana kwa miaka.

Mwanamke anayepigwa au kutimuliwa siku ya majibu mara nyingi haendi tena kliniki, na mtoto aliye tumboni hukosa kinga ambayo ingemwokoa. Nenda kapime. Kisha rudini wote wawili kwa mshauri nasaha.

ARV zinafanya nini mwilini, na nitazinywa hadi lini?

Zinazuia virusi visizaliane. Vikishindwa kuzaliana, chembe za CD4 hupata nafasi ya kuongezeka tena. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa mwaka 1987, na ikitumiwa peke yake virusi viliizoea haraka. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1996, ilipoonekana kwamba mchanganyiko wa dawa tatu hushika vizuri zaidi. Leo wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa hizo zote, mara nyingi ikiwemo dolutegravir, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mbele kama chaguo la kwanza mwaka 2019.

Ni za maisha. Baadhi ya watu hukosa usingizi, huumwa kichwa au huongezeka uzito, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa kwa sababu dawa nyingine zipo. Ukisahau dozi, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi inayofuata imekaribia sana. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Jambo ambalo huwa halisemwi vya kutosha: dawa za kiungulia, vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vinaweza kuizuia dolutegravir isifyonzwe. Mwulize mhudumu namna ya kupishanisha saa. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin kwa kawaida huongezewa dozi ya dolutegravir, asubuhi na jioni. Dawa za mitishamba nazo zitaje, bila aibu. Baadhi hupunguza nguvu ya ARV, na hakuna hata moja iliyothibitishwa kuponya VVU. Sala na imani vinampa mtu moyo, na vinakwenda pamoja na kidonge. Anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani anakupeleka kaburini.

Ni kweli kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo haviambukizi?

Ni kweli, na ningependa kila mtu alale na kuamka na habari hii.

Baada ya miezi kama sita ya dawa, hupimwa wingi wa virusi katika damu. Kwa anayezitumia vizuri, kwa kawaida huwa vimeshuka hadi mashine isivione. Mtu huyo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Mwaka 2011 utafiti uliofuatilia jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, ambapo mmoja katika kila jozi alikuwa na VVU, ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati yao kwa asilimia 96. Kisha ukaja utafiti wa PARTNER barani Ulaya. Matokeo yake ya mwaka 2016 yalihesabu ngono zipatazo 58,000 bila kondomu kati ya wenza ambao mmoja alikuwa na virusi vilivyofubaa, yaani vilivyoshushwa na dawa hadi visionekane. Maambukizi kutoka kwa mwenza huyo yalikuwa sifuri. Sehemu ya pili, iliyotolewa mwaka 2019 kuhusu wenza ambao wote wawili ni wanaume, ilihesabu takriban 76,000. Sifuri tena. Wachache walioambukizwa katika tafiti hizo walipata virusi kutoka kwa watu wengine. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulithibitisha.

Masharti ni mawili: unywe dawa kila siku, na wingi wa virusi uwe umepimwa, usiwe wa kukisia. Kondomu bado ina kazi, kwa kuwa ARV hazizuii kaswende, kisonono wala mimba. Na kwa kunyonyesha, hatari hushuka sana lakini haifiki sifuri kabisa.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyeishi miaka akijiona hatari kwa kila anayempenda. Nimeona nyuso zikibadilika kwa sentensi hiyo moja.

Kama havionekani, si nimepona?

Hujapona. Baadhi ya virusi hujificha ndani ya chembe zilizolala, kama makaa chini ya majivu, na dawa zikiachwa huamka, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Watu waliopona ni wachache mno. Wa kwanza, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, kutoka kwa mtu mwenye vinasaba adimu vinavyozuia VVU kuingia kwenye chembe. Tiba hiyo ni hatari na hufanywa kwa anayehitaji kutibiwa saratani.

Naweza kupata mtoto asiye na virusi?

Ndiyo. Bila huduma yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Mama akitumia ARV vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya watano, na mara nyingi hushuka hata zaidi ya hapo. Cuba ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, kuwa imetokomeza maambukizi ya mama kwa mtoto.

Mtoto hupewa dawa za kinga wiki za mwanzo, na hupimwa virusi vyenyewe akiwa na wiki nne hadi sita. Kipimo cha kidole hakifai kwa mtoto mchanga, kwa kuwa kingamwili za mama zinaweza kubaki ndani yake hadi miezi 18. Kunyonyesha kunawezekana mama akiwa anatumia dawa: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha pamoja na chakula kingine. Zungumza na kliniki yako kabla ya kuamua, na ikiwezekana kabla ya mimba.

Mwenza wangu ana VVU, mimi sina. Nijikinge vipi?

Dawa zake zikifubaza virusi, hiyo ni kinga yako ya kwanza. Hadi vipimo vithibitishe, au kama unataka uhakika wa ziada, kuna dawa kinga zinazojulikana kama PrEP. Zipo za vidonge, ipo sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenacapavir, sindano mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio moja la sindano hiyo, lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Si kila kituo kina aina zote, uliza. Tohara nayo hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini haitoshi peke yake.

Ndugu yangu amenieleza kwamba ana VVU. Nimjibu nini?

Mshukuru kwa kukuamini, kisha nyamaza umsikilize. Swali la "umeupata wapi?" liache. Halimsaidii kitu, na kwake litasikika kama hukumu. Ukilia, lia, ila usimfanye yeye ndiye akubembeleze.

Muulize nani mwingine anajua. Swali hili ni la lazima, maana siri nyingi huvuja kwa mtu mwema aliyedhani wengine wameshaambiwa. Baada ya hapo muulize anachohitaji, na uwe tayari kwamba kinaweza kuwa kitu kidogo: umsindikize kliniki mara ya kwanza, ubaki na watoto wake siku ya miadi, umwekee akiba ya vidonge kwako asije akakwama safarini, au umpigie simu saa ya dawa kwa miezi ya mwanzo hadi azoee. Nyumba ambayo chupa ya dawa inaweza kukaa mezani bila mtu kunong'ona ni tiba yenyewe. Mtu anayeficha dawa chini ya godoro hukosa dozi kila wanapokuja wageni.

Usigeuke polisi. Kuhesabu vidonge vyake bila ruhusa, kumchungulia simu, kumkumbusha mbele za watu, hayo yote humfundisha kukudanganya. Na usimgeuze mgonjwa. Kama jana alikuwa anapika, anabeba maji, anagombana na wewe kuhusu mpira, leo pia anaweza.

Tutenganishe vikombe, sahani na choo?

Hapana. Mwezi Aprili 1987, wakati hofu ilikuwa kubwa duniani, Diana, binti mfalme wa Wales, alimshika mkono bila glavu mgonjwa wa UKIMWI katika hospitali moja London, na picha ile ilisambaa kote. Miaka mingi imepita na bado wapo wanaotengewa sahani. Kuleni pamoja, laleni chumba kimoja, mpe mtoto wako ambebe. Nyembe na miswaki kila mtu awe na yake, jambo ambalo ni usafi wa kawaida kwa familia yoyote.

Naweza kuwaambia wengine ili wamsaidie?

Bila ruhusa yake, hapana, hata kama ni mama yake mzazi. Habari hiyo ni mali yake. Vivyo hivyo kazini: Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake, na VVU isiwe sababu ya kumfukuza.

Mtoto aliyezaliwa na virusi aambiwe akiwa na umri gani?

Taratibu, katika umri wa shule ya msingi, kwa maneno anayoweza kuyabeba. Shirika la Afya Duniani linashauri awe ameambiwa kati ya miaka 6 na 12. Mwanzo unaweza kuwa "dawa hii inawalinda askari wa mwili wako", na jina la virusi likaja baadaye. Wazazi husubiri kwa huruma, lakini mtoto anayesoma anaweza kusoma kopo la dawa, au akasikia kwa mtoto mwenzake kwa namna ya kuumiza. Aliyedanganywa miaka kumi kwamba anatibiwa kifua ana sababu ya kuacha dawa akifika ujana.

Nimeacha dawa muda mrefu. Nikirudi watanikaripia?

Wapo wahudumu wanaokaripia, na wanakosea. Ukikutana na wa namna hiyo, omba kuonana na mwingine au nenda kituo kingine, lakini rudi. Kifua kikuu ndicho kinachoua zaidi watu wenye VVU, na humwahi aliyekaa bila dawa, kwa hiyo utachunguzwa hicho kwanza na huenda ukapewa dawa za kukizuia. Usianze mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki nyumbani, hasa kama ni vya mchanganyiko wa zamani. Sema kwa ukweli lini ulimeza kidonge cha mwisho na nini kilikufanya uache. Kama ni kichefuchefu, dawa inaweza kubadilishwa. Kama ni umbali, vituo vingi hutoa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja. Na kama ni mtu wa nyumbani aliyezitupa, mwambie mshauri nasaha hilo pia, ili mpange mahali salama pa kuziweka.